Chumba cha Vigae

Mpiga besi alijifuta miguu kizingitini, akafikiri kidogo, kisha akavua viatu kabisa. Zulia la studio mpya ya jumuiya lilikuwa jeupe pepepe, na lilimeza miguu hadi vifundoni. Nyuma yake alisimama mpiga gitaa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mjomba ingawa hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alilitazama zulia kwa mashaka.

"Hivi hapa tunakanyaga au tunaogelea?"

"Nenda taratibu," alisema mpiga ngoma. "Ukizama tutakukumbuka kwa mema."

Watatu hao walikuwa wanamuziki wa kukodiwa, na siku hiyo walikuja kurekodi na kwaya ya jumuiya. Kwa kawaida walirekodi katika chumba cha kulala cha mpiga ngoma. Magodoro yaliegemezwa ukutani, na kazi ilisimama kila jirani alipowasha mashine ya kusaga. Hapa kulikuwa na sofa za ngozi, mapazia ya mahameli, maiki zilizopakwa rangi ya dhahabu na meza ya mitambo iliyoizidi meza ya kulia kwa urefu. Fundi mitambo wa studio aliigusa kwa ncha za vidole, kana kwamba ingemng'ata.

Kilichowaacha midomo wazi, hata hivyo, ni kuta. Zilifunikwa sponji kuanzia chini hadi juu, na dari vilevile. Kila kipande cha sponji kilikuwa na kibamba cha shaba, na kila kibamba kilikuwa na jina la familia iliyokitoa. Mshauri alikuwa ameieleza kamati ya ujenzi kwamba sponji ya ukuta mmoja ingetosha. Lakini kila familia ilitaka kutoa, na kamati haikujua namna ya kumrudishia mtu sadaka yake. Nafasi ilipokwisha, walibandika sponji juu ya sponji.

Familia ya mpiga besi haikuwa na kibamba. Mchango ulipopita, mama yake alikuwa hospitalini akimuuguza mume wake, na mambo yalikuwa magumu. Mama alisema jambo hilo halimsumbui hata chembe. Hata hivyo, siku hiyo alipoingia studioni na kwaya, mpiga besi aliyaona macho ya mama yake yakitembea ukutani, kutoka jina hadi jina, kama mtu anayetafuta kiti kwenye karamu aliyosahauliwa kualikwa.

Mama alikuwa na kitu kingine. Alikuwa na ubeti wa tatu. Katika wimbo wa kufungulia ibada, ngoma zilinyamaza, kwaya ilinyamaza, na Mama aliimba ubeti wa tatu peke yake. Alianza kuuimba kabla binti yake hajazaliwa. Sasa wimbo huo ulikuwa unarekodiwa, na tangu siku hiyo ibada zote zingefunguliwa kwa kanda hiyo, kwaya ikiifuatisha. Ambaye angeuimba ubeti wa tatu studioni ndiye angekuwa mwenye ubeti wa tatu daima.

Walianza kazi. Mpiga besi alivuta uzi wa kwanza, na sauti ikafa mbele ya pua yake. Mpiga ngoma aligonga ngoma, ikatoa mlio wa mto unaopigwa ngumi. Kwaya, iliyozoea kuimba bega kwa bega ndani ya jengo lenye mwangwi, ilivishwa hedifoni na kupangwa mbalimbali. Kila mtu aliimba kama aliyefungiwa kabatini. Ilipofika zamu ya Mama, sauti yake ilitoka, ikakosa mahali pa kushika, ikapasuka katikati. Alirudia. Ikapasuka tena.

Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na adabu nyingi. Adabu hiyo ndiyo iliyoumiza zaidi.

"Mama, wewe ni hazina yetu," alisema. "Ila naona sauti imechoka. Tupumzike kidogo, kisha tujaribu mara moja zaidi. Ikishindikana, ubeti tutampa dada mwingine. Usinielewe vibaya, mama yangu."

"Nimekuelewa vizuri sana, Mwalimu," alijibu Mama, akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

Mpiga besi alimfuata fundi mitambo hadi mezani kwake.

"Kaka, sauti ya mama yangu haijachoka. Chumba chako ndicho kilichokufa."

Fundi alitazama huku na huku. "Najua," alinong'ona.

"Unajua? Basi ng'oa sponji!"

"Ya nani?"

"Yoyote!"

"Haya, chagua wewe. Hii hapa ni ya mweka hazina. Ile ni ya familia ya mwalimu wa kwaya. Ile ya juu ni ya bibi mmoja ambaye huja kila wiki kuipangusa vumbi. Nianze na ya nani, dada yangu, halafu nihamie nchi gani?"

Mpiga besi alizitazama sponji zote tatu. Alirudi kwa wenzake akiwa amekunja uso.

"Twendeni chooni," alisema Mjomba, akichukua gitaa lake kavu, lile lisilohitaji umeme.

"Wote?"

"Nataka kusikia kama bado nina masikio."

Choo cha wageni kilikuwa mwisho wa korido. Kilikuwa na ukumbi mpana wa kunawia mikono, sinki zilizojipanga kama askari, bomba za rangi ya dhahabu, na vigae vitupu sakafuni na ukutani. Hakukuwa na sponji, pazia wala kibamba. Familia zote zilikuwa karimu, lakini hakuna hata moja iliyotaka jina lake libandikwe chooni.

Mjomba aligusa nyuzi. Sauti ilipanda hadi darini, ikashuka, ikawazunguka. Mpiga ngoma alipiga mapipa ya taka kwa viganja, na yakanguruma kuliko ngoma zake mwenyewe. Mjomba akachukua tuni ya wimbo wa kufungulia ibada, akaivalisha maneno mengine:

*Studio yetu ya ajabu, zulia hadi darini,*
*Ukipiga chafya humo, hairudi masikioni,*
*Sofa imemeza mzee, yu ndani hatumuoni,*
*Tunaomba mwenye kamba, amvute toka shimoni.*

Walicheka mpaka mpiga ngoma akashika sinki asianguke. Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama hapo, kitambaa mkononi, macho mekundu. Alikuwa amekuja kunawa uso.

Kicheko kilikatika kama redio iliyozimwa. Mjomba alilificha gitaa mgongoni, jambo lisilowezekana.

"Mama," alianza mpiga besi, "tulikuwa tu..."

"Nimesikia mlichokuwa mnafanya." Mama alifungua bomba, akanawa, akajifuta bila haraka. "Nyumba ya ibada, na ninyi watu wazima. Mjomba, huoni haya?"

"Naona, dada. Naona kabisa."

"Mmesahau kiyoyozi."

"Tumesahau nini?"

"Kiyoyozi! Mnaicheka studio, mnaacha kiyoyozi? Nipe sauti."

Mjomba alimpa sauti kabla hajabadili mawazo. Mama alifumba macho, akaimba:

*Mmesahau kiyoyozi, chavuma dirishani,*
*Nimevaa sweta mbili, na shali tatu shingoni,*
*Mwalimu asema imba, meno yagonga kinywani,*
*Kama peponi ni hivi, nitabaki barazani.*

Hakuna aliyecheka mara moja, ingawa maneno yalichekesha. Sauti ilikuwa imewashika. Ilikuwa sauti ileile ambayo mpiga besi aliisikia utotoni ikitoka jikoni, nzito chini na angavu juu, na vigae viliirudisha nzima nzima, bila ufa hata mmoja. Mama mwenyewe alifumbua macho na kuangalia nyuma, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeimba.

"Rudia," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Alikuwa fundi mitambo. Alikuja kwa haja zake, akazisahau.

"Rudia, Mama. Maneno ya kweli safari hii. Msiondoke. Naleta waya."

Baada ya muda mfupi, maiki ya dhahabu ilisimama kati ya sinki na kikaushia mikono. Mama aliimba ubeti wa tatu mara moja tu. Fundi alikimbia mezani, akamwita mwalimu wa kwaya na kumvisha hedifoni. Mpiga besi alisimama kando, roho mkononi.

Mwalimu alisikiliza. Aliilegeza tai.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mama."

"Mama yupi?"

"Huyuhuyu uliyemwambia amechoka," alisema mpiga besi.

Mwalimu aliishika hedifoni kwa mikono miwili. "Amerekodiwa wapi?"

Fundi alikohoa. "Chumba cha vigae."

"Chumba cha vigae kiko... ah. Ah! Hapana. Hapana, jamani. Mzee Mwenyekiti anakuja leo na wageni kuwaonyesha studio. Nimwambie kwaya iko wapi?"

"Mwambie iko kazini," alisema Mjomba.

Mwalimu aliitazama sponji ya familia yake. Kisha akasikiliza ubeti tena tangu mwanzo, akavua hedifoni na kupiga moyo konde.

Kwaya nzima ilijibana chooni. Sauti nene zilisimama kando ya sinki, sauti nyembamba zikapanda juu ya benchi la kusubiria, na mpiga besi akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Waimbaji walikuwa na aibu na waliimba kwa woga.

"Hebu kwanza tuujaribu mwangwi," alisema Mama kwa uso mkavu. "Nifuatisheni." Akawapa ubeti wa sofa.

Waliutambua utani, wakasita kidogo, kisha wakauimba kwa vifua vyote, katika sauti nne, taratibu na kwa heshima ya wimbo mtakatifu. Walipofika kwa mwenye kamba, mlango ulifunguliwa. Mwenyekiti wa jumuiya alisimama hapo, fimbo mkononi, wageni nyuma yake.

Tone la maji lilisikika likidondoka.

"Nimepita studio," alisema Mwenyekiti. "Haina mtu. Kwa nini kwaya yangu iko chooni?"

Mwalimu alianza kuikaza tai yake. Mpiga besi alimtazama mama yake. Kama siku ingeharibika, ingeharibikia hapo, na ubeti wa tatu nao ungekwenda na maji.

Mama alisogea mbele. "Mzee, ukinipa nafasi nitakujibu." Hakungoja ruhusa. Aliimba ubeti wa tatu, ule wa kweli, hadi neno la mwisho.

Mwenyekiti alisikiliza akiwa ameegemea fimbo. Mwangwi ulipotulia, aliwageukia wageni.

"Ule ubeti wa kwanza mliousikia, wa mzee na sofa, ni wa kweli," alisema. "Ni mimi. Siku ya uzinduzi walinivuta watu wawili." Mgongo wake ulianza kutikisika, na wageni walichelewa kuelewa kwamba alikuwa anacheka. Alijipangusa macho, akakagua kuta. "Chumba hiki kimetolewa na nani?"

"Hakina mwenyewe, Mzee," alijibu fundi. "Hakuna aliyekitaka."

"Basi rekodini. Wageni watasubiri. Na anayetaka kujisaidia aende kwa jirani."

Kanda ilipotoka, sifa zilienea. Familia zilizokosa nafasi ukutani zilifika upesi zikiwa zimekumbatia sponji mpya, zikiomba kukipendezesha Chumba cha Pili, kama kilivyoitwa sasa. Zilimkuta Mama amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hapa haiingii hata leso," alisema. "Mwenye sadaka alete sabuni."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Juu ya kichwa chake, mlangoni, paling'aa kibamba kipya cha shaba kilichowekwa kwa amri ya Mwenyekiti, nacho kilikuwa na jina la Mama.

"Mama," alisema mpiga besi siku alipokiona mara ya kwanza, akijizuia asicheke, "umefurahi kweli? Jina letu liko chooni."

Mama alikisugua kibamba kwa ncha ya shali, akarudi nyuma kukitazama, akakisugua tena.

"Liko mlangoni," alimsahihisha. "Wengine wote, mwanangu, wako ndani ya sponji, na hakuna anayewasikia."