Lori Lililogoma Kaniha

Dereva Theonest aligeuza ufunguo, na lori la kijiji likatoa mlio mmoja tu, "tak!", kisha kimya. Akageuza tena. Tak.

Mbele ya ghala magunia ya mahindi na maharage yalikuwa tayari kupelekwa kwa askari waliokuwa wakipigana ng'ambo ya mto Kagera, na nusu ya Kaniha ilikuwa imekuja kulitazama lori likiondoka baada ya injini yake kufumuliwa na kufungwa upya. Theonest akabadilisha betri, hakuna kitu. Vijana wakalisukuma likiwa kwenye gia, magurudumu ya nyuma yakaburuzika vumbini bila kuzunguka.

"Hii siyo betri," alisema Protasi, katibu wa kijiji. "Hii ni hujuma."

Macho yote yakamgeukia Nyandwi. Alikuwa fundi aliyekimbia na mkewe mauaji ya Burundi, akapewa shamba pale kijijini. Injini ile waliifunga yeye na fundi mwenzake Pancras, lakini Pancras alikuwa ameitwa mgambo na kwenda vitani. Alibaki yeye peke yake, tena mgeni. Na siku zile neno hujuma lilitosha kumpeleka mtu mahabusu.

Theonest alidhani atamsikia akifoka, au akiapa. Nyandwi alikunja mikono ya shati.

"Ndugu Katibu, ukitaka niwekee mlinzi. Ila usimwite mtu wa trekta aje kulivuta. Tukilivuta kwa nguvu tutavunja chuma, na chakula hakitafika."

"Na ukishindwa?"

"Utanikuta hapa hapa."

Akaanza kazi, na kila alichofanya alikisema kwa sauti ili watu wasikie. Alitoa plagi zote, maana huenda maji yameingia ndani. Ndani palikuwa pakavu. Akachomeka kwa mbele hendeli ya kuzungushia injini, wanaume wawili wakaning'inia juu yake, haikusogea. Akafungua stata, mota ya kuwashia, akawaonyesha meno yake: mazima.

"Basi kilichobanwa kiko chini," alisema, akajilaza mgongo chini ya lori. Theonest akaingia naye kumshikia vyuma.

Walimwaga oili, wakashusha sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Nyandwi akalegeza vifuniko vinavyoishika krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kimoja baada ya kingine, na kila alipolegeza aliijaribu kwa mkono. Alipofika katikati, krenki ikazunguka laini kabisa. Akafuta vifuniko viwili kwa kitambaa, akasoma namba za nafasi zilizogongwa juu yake. Kila kimoja kilikaa mahali pa mwenzake.

Ndipo Theonest akakumbuka. Sehemu ile ilifungwa siku Nyandwi alipokwenda Bukiriro kwenye msiba. Pancras aliifunga peke yake, na asubuhi ile ile ndipo alipoitwa vitani. Siku hiyo hata sigara ilimshinda kuwasha.

"Lakini kosa hili siyo lako," alinong'ona Theonest. "Ngoja niwaambie."

Nyandwi akamshika mkono. "Tazama pale."

Kati ya miguu ya watu Theonest aliona kanga ya Clotilda, mke wa Pancras, akiwa na mtoto mgongoni.

"Mumewe yuko kwenye mabomu," alisema Nyandwi. "Unataka leo aende nyumbani na maneno gani? Nipe spana."

Theonest akampa. Alikuwa amemfahamu mtu huyu kwa miaka, wakicheka na kugawana tumbaku, na bado alihisi kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Walipotoka chini, wameloa oili, kila kifuniko kikiwa kimerudi mahali pake, Nyandwi alisimama mbele ya katibu. "Vifuniko viwili tulivibadilisha nafasi. Ni kosa la ufundi, Ndugu Katibu. Kosa letu mafundi."

Protasi akamgeukia Theonest. "Washa tuone."

Plagi, stata na oili viliporudishwa, Theonest aligeuza ufunguo. Injini ilikohoa, ikatetemeka, kisha ikanguruma kwa mkupuo mmoja mzuri, na watu wakapiga makofi. Clotilda alipiga vigelegele kuliko wote.

"Mnaisikia?" alipaza sauti. "Hiyo ni kazi ya Pancras!"

"Ni kazi yake, mama," aliitikia Nyandwi, akiwa ameshainama kuchukua gunia la kwanza.

Protasi alivua koti lake, akashika gunia lile upande wa pili, wakalipandisha pamoja.