Chingamu za Darasa la Tatu

Daktari wa meno alimaliza kumkagua mtoto wa mwisho saa tano asubuhi, akavua glovu, akanigeuzia daftari. Kwa mzaha alizoea kuniita Profesa Magome, kwa kuwa kwa miaka saba nilikuwa nikichemsha magome ya mti mmoja mchungu ili nipate chingamu ya kuzuia meno yasioze. Siku hiyo hakuniita hivyo.

Watoto wa darasa la tatu A walitafuna chingamu yangu kila siku baada ya chakula cha mchana, kwa miezi minane. Wale wa B hawakutafuna kitu. Chuo kilinipa sharti moja: matundu mapya yakiwa machache katika darasa A, utafiti utaendelea, yasipokuwa machache, maabara watapewa wengine. Niliitafuta jumla chini ya ukurasa. Darasa B, matundu kumi na tisa. Darasa A, arobaini na moja.

"Umekosea safu," nilisema.

"Nimehesabu mara mbili, bibie. Hao watoto wako wanatafuna dawa au peremende?"

Nilikwenda jikoni. Mpishi wa shule ni dada yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, na nilimkabidhi yeye makopo ya chingamu kwa sababu sikuwa na mtu niliyemwamini kuliko yeye. Nilimkuta amepanga vipande kwenye sinia, vinametameta. Nilitia kimoja mdomoni. Utamu ulitangulia, mzito. Uchungu nilioujua ulifika baadaye sana, tena kwa unyonge.

"Dada, hizi umezifanyaje?"

"Nimezipitisha kwenye shira. Kwani kuna ubaya? Wiki ya kwanza walizitema zote! Ukutani, chini ya madawati, mmoja kambandika mwenzake kwenye nywele. Nikasema, mdogo wangu ahangaike miaka yote hiyo, halafu aje aumbuliwe na vitoto vya darasa la tatu? Sasa wanapanga foleni wenyewe. Wema hauozi." Alicheka, akajifuta mikono kwenye aproni. "Enhe, meno yamesemaje?"

Nilimweleza taratibu, kama nilivyowahi kuwaeleza wanafunzi wangu: sukari inayonata kwenye meno kila siku ni karamu ya vijidudu, na magome yangu hayana ubavu wa kushindana nayo. Nilipomtajia idadi, alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Basi zitengeneze zisiwe chungu."

"Uchungu ndio dawa yenyewe, dada. Nikiutoa, dawa imetoka."

"Na hakuna sukari isiyoozesha?"

"Ipo, nilishaijaribu. Kuufunika uchungu huu inatakiwa nyingi mno. Niliowaonjesha waliharisha."

Kengele ikalia. Muda mfupi baadaye vichwa vilijaa dirishani.

"Bi Mpishi, tamu yetu!"

Dada alinitazama. Nilitikisa kichwa.

"Leo hakuna," alisema.

"Kesho je?"

Dada alifunika sinia. Msichana wa mbele alikuwa na shavu lililovimba kidogo. Aliendelea kunyoosha kiganja mpaka wenzake walipomsukuma pembeni.

Niliandika ripoti wiki hiyohiyo. Ningeweza kusema kwamba jaribio lilivurugwa jikoni, nikaomba lirudiwe. Dada angefukuzwa kazi, nami ningerudi kwenye watoto walewale wanaotema. Niliandika kwamba vipande vilipakwa sukari. Kwamba msimamizi, yaani mimi, hakuonja hata kimoja pale shuleni kwa miezi minane. Na kwamba pasipo sukari watoto hawakukubali kutafuna. Chuo kilijibu kwa aya moja. Maabara nilikabidhi siku ya Ijumaa.

Daktari wa meno alikubali kuziba matundu yanayozibika. Meno tisa hayakuwa na namna ila kung'olewa, na manne kati ya hayo yalikuwa ya utu uzima, ambayo yakitoka hayaoti tena. Ilibidi wazazi waandikiwe. Niliandika barua kwa mkono wangu, moja kwa kila mtoto, na dada akaja nyumbani kwangu kunisaidia kuzitia kwenye bahasha.

"Umeandika ni mimi?" aliuliza.

"Hapana. Nimeandika ni mimi."

"Na wa chuo hawatakuongezea hata mwaka mmoja?"

"Hawataniongezea."

Alilamba ukingo wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba, akaendelea kuubana hata baada ya gundi kushika.

"Bora ningewaacha wateme," alisema.

Sikumwambia kwamba hata hivyo jibu la chuo lingekuwa lilelile. Nilimsogezea barua nyingine.