Eda ya Bi Sabdio

Wasemao siku hazigandi waje Garsen wamwone Bi Sabdio. Zake ziliganda kama samli. Tangu mumewe, mzee Abduba, azikwe, alikaa eda chumbani mwake, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia neno lile lile: vumilia miezi minne na siku kumi, utapoa. Bibi wa miaka sabini na moja akaing'ang'ania ahadi hiyo. Eda ikiisha, na uzito huu wa kifuani utaisha.

Alihesabu punje mia na thelathini za mahindi, akazitia mkebeni. Kila siku ikipita, punje moja ilihamia kikombeni. Ya mwisho ilipohama, akaoga, akavaa dera jekundu, akajifukiza udi, akatoka.

Barabarani watu walimkodolea macho. Mahmud mwenye duka aligeukia ukutani haraka, na jirani yake Barwako akaiachia ndoo ya maji ikamwagika yote. Sabdio akadhani wanashangaa alivyokonda.

"Mama! Wapi unaenda?" Binti yake Kadra alikuja mbio, akamfunika kwa mtandio wake.

"Eda imeisha. Nimehesabu mwenyewe."

"Imeisha vipi? Baba tumezika juzijuzi. Leo ni siku ya ishirini na sita."

Sabdio alicheka. Kisha akaona Kadra analia, kicheko kikamkauka.

"Nilikuwa nikiinuka kwenye mswala, natoa punje moja," alijitetea.

"Kila swala?"

"Sasa? Kutoka adhuhuri mpaka alasiri si siku nzima hiyo?"

Kadra alijishika kichwa. "Swala tano, siku tano! Na mimi nakuletea chakula kila siku, naweka, naenda zangu. Sikuona kitu."

Aibu ya dera jekundu wala haikumgusa Sabdio. Kilichomshtua ni jambo moja tu: siku mia na nne zilikuwa bado zinamngoja, na yeye alikuwa ametumia nguvu zake zote.

"Huu ni ugonjwa, mama. Twende hospitali. Kwa ugonjwa unaruhusiwa kutoka."

"Ni mbali?"

"Nusu saa tu."

Sabdio aliketi chini, palepale vumbini, mbele ya watu wote.

"Nusu saa siiwezi, Kadra," akasema. "Nusu saa ni nyingi."