Mapache

Jerotich alikodi chumba cha chini katika nyumba moja ya Rockville, Marekani. Juu yake aliishi mama mzee wa Kimeksiko. Karibu mwaka mzima alisikia kandambili za mama huyo zikienda jikoni na kurudi, lakini hawakuwahi kuzungumza. Walipungiana mikono tu. Kazi ya Jerotich ilikuwa kuwahudumia wagonjwa majumbani. Aliporudi jioni, kwao Eldoret wote walikuwa wamelala.

Jioni moja pipa la taka nje ya mlango wake likaanza kutikisika. Akafunua kidogo, akapiga kelele. Mama wa juu akashuka na ufagio.

"Kuna nini?"

"Mnyama, Mama! Ana vidole kama vya mtoto."

Mama akachungulia, akacheka. "Mapache! Pipa linateleza, hawezi kutoka. Shika huku tulilaze."

Wakalilaza. Akatoka rakuni mnene, mkia wa mistari, kipande cha mkate mkononi, akaenda zake bila haraka.

"Umemwitaje?" Jerotich akauliza.

"Mapache. Ni Kihispania, lakini Wahispania walilikuta kwetu. Ni neno la Kinahuatl, lugha ya bibi yangu: mapachtli. Ni yule anayeshika kila kitu kwa mikono. Mkono ni maitl." Akautazama wake. "Tangu mume wangu afariki sijalitamka. Ningemwambia nani?"

"Sisi Wakalenjin mkono tunauita eut."

"Eu?"

"Eut."

Mama akarudia mpaka akapatia. Jina lake lilikuwa Adela. Jerotich akamkaribisha ndani, akachemsha chai ya maziwa, wakaulizana majina ya jicho, moto, mvua. Adela alipoinuka kuondoka ndipo akasema, "Jumamosi mwanangu anakuja kunichukua. Nahamia kwake Texas."

"Jumamosi hii?"

"Hii hii. Laiti ningeshuka mapema."

Jumamosi Jerotich alikuwa kazini. Aliporudi, taa za juu zilikuwa zimezimwa, na karatasi yenye namba ya simu ilikuwa imebandikwa mlangoni pake. Akapiga. Akapokea mwanamume.

"Mama amelala," akasema kwa upole. "Nimwambie nani amepiga?"

Jerotich akakumbuka kwamba hakuwa amemtajia Adela jina lake.

"Jirani," akasema. "Mwambie jirani wa chini."