Kupunguza Ugeni

Mchana ule wa Agosti mji mzima wa Damanhuri, kaskazini mwa Misri, ulikuwa umelala. Shahenda naye alikuwa amejinyoosha sakafuni, panka ikimpepea miguu, macho nusu wazi, akisafiri. Treni ilimpitisha Minya, Asyuti, Sohagi, Kena; mashamba yakasinyaa, jangwa likasogea hadi dirishani, na mwisho wa reli Mto Nili ukapenya katikati ya majabali meusi. Akashuka. Akaliwekea jabali moja kiganja, akalikuta na joto kama mkate uliotoka tanuruni.

"Amka, binti! Maombi yanafungwa saa kumi!"

Mama yake, Inshirahi, alikuwa keshajifunga mtandio. Binti alikuwa amepangiwa chuo kikuu cha serikali huko Aswani, idara ya miamba, siku nzima kwa treni. Lakini serikali nayo ina huruma yake: kwa siku chache hupokea maombi ya "kupunguza ugeni," mwanafunzi aliyepangiwa mbali akaomba kurudishwa chuo cha jirani. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Wiki nzima majirani walikuwa wakija kumpa Inshirahi pole, naye akizipokea, masikini, huku akizilaani alama za mtihani. Shahenda ananyamaza tu. Jamani, kunyamaza nako ni uongo!

Ustadhi Wagdi, mwenye duka la kompyuta, alijaza fomu huku akitafuna mbegu za tikiti. Kila alipobonyeza herufi, treni ya Shahenda ilirudi nyuma stesheni moja.

"Usihofu, Mama Shahenda, binti atalala kwako." Kisha akakisogelea kioo cha kompyuta. "Ajabu hii. Hapa pana machaguo yake. Aswani ndilo la kwanza."

"La kwanza kutoka chini?"

"La kwanza, juu kabisa."

Inshirahi akageuka polepole.

"Kumbe hukutupwa. Umejitupa!"

"Mama..."

"Nimepokea pole za mtaa mzima! Hata za Mama Raafat, asiyeitikia salamu yangu! Huko kuna nini, we mtoto? Kuna mwanamume?"

"Kuna mawe, mama."

"Mawe!"

"Ya kale mno, mama. Nataka kuyasoma. Niliogopa kukwambia. Utabaki na nani?"

Wagdi akaacha kutafuna. "Sasa nitume, nisitume? Watu wako foleni hapa."

Inshirahi alikuwa mjane mwaka wa tisa, na nyumba yao haikuwa na mtu mwingine. Alimkazia macho mwanawe kwa hasira, na ndani ya hasira ile alikuwa anampenda hadi kifua kinamuuma.

"Miaka kumi na minane namlea, ananiacha kwa mawe," akamwambia Wagdi. "Futa."

"Nifute nini, mama?"

"Fomu hiyo! Mtoto kapata chaguo lake la kwanza, we unataka kumrudisha?"

Akatoka nje. Jua lilikuwa linachoma, madirisha yote yamefungwa. Pale katikati ya njia akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele. Kikapanda, kikapanda, kikamkatikia kooni; mabega yakaanza kumtikisika. Kabla Shahenda hajamfikia, dirisha moja likafunguka, halafu la pili, halafu la tatu, na wanawake waliotoka usingizini, wasiojua hata ni furaha ya nani, wakakidaka kigelegele chake wakammalizia.