Donda la Kufundishia

Mguu wangu ulinuka kuliko soko la samaki saa nane mchana, na mwenye mguu ni mimi, kwa hiyo nina haki ya kusema. Taruma la reli liliniangukia Changamwe, mwaka wa arubaini na sita, na mwezi wa pili tangu hapo donda likawa limenila hadi karibu na mfupa. Daktari Aidarus, kijana wa ukoo mkubwa, alinipokea hospitalini kwake kwa furaha. Alikuwa na wanafunzi wawili, Chengo na Ngowa, akahitaji donda la kufundishia.

Kila asubuhi alisimama kando ya kitanda, leso puani, macho dirishani. "Kwanza twaosha kwa maji ya dawa. Pili twakata nyama iliyokufa. Tatu twafunga." Mikono yafanya kazi, macho yahesabu minazi. Kisha hutoka nje kutema mate.

Zamu ya Chengo ilipofika, leso puani, macho dirishani, nje kutema mate. Ngowa vivyo hivyo, ila hakuwa na leso, akajifunika kwa ukosi wa shati.

"Vizuri," Daktari akasema.

Nikaona kinyaa. Si cha usaha, cha hiyo vizuri yake.

Jumatano akaniambia, "Bwana Mwarandu, donda halikubali. Ijumaa utavushwa ng'ambo, hospitali kubwa, mguu ukakatwe."

"Daktari, humu tumo watu wanne. Anayelitazama donda hili ni mimi peke yangu, na mimi sikusoma."

Chengo akauma midomo asicheke.

"Wasema nini?" Daktari akaniuliza.

"Chini ya ukingo huu, upande wa kisigino, pana mfuko. Kila siku mwaosha mlango, ndani hamjaingia. Lakini usinisikilize, mimi mchukuzi tu."

Nilidhani atanifukuza. Akainama, akainua ukingo kwa kibano. Ukamwagika uji wa kijani, na funza wawili wanene kama watoto wa tajiri. Daktari akakimbilia mlangoni, akatapika mbele ya wanafunzi wake, chai na mahamri yote, wallahi.

"Pole, mwanangu," nikamwambia. "Mwenzio nalala nao."

Akarudi, kidevu kimelowa. "Kitu hiki chanichukiza tangu nilipoanza kusoma," akawaambia wale wawili, "na kuchukizwa ndiko nilikowafundisha. Anayetaka kutapika atoke, atapike, arudi. Njooni mtazame."

Ngowa alitoka, hatukumwona tena. Chengo alitoka mara mbili, akarudi mara mbili. Alinikata vibaya, nikamtukana hadi nyanyake. Akaniomba radhi, akaendelea kukata.

Ijumaa gari la wagonjwa likasimama nje. Daktari akamwinamisha Chengo hadi pua ikakaribia kuligusa donda.

"Wasikia harufu gani?"

"Ya nyama, Daktari."

"Ya leo au ya juzi?"

Chengo akanusa tena, taratibu, kama mwanamke achaguaye papa sokoni. Mimi nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Ya leo. Hapa kando pana ya juzi kidogo."

"Basi kata hapo," Daktari akasema, kisha akamwita karani. "Mwambie dereva aende zake. Hapa hana mgonjwa."