Jina la Chini ya Orodha

Maneno yalianzia bombani, kama maneno mengi ya mtaa wetu, na mimi nilikuwa wa mwisho kuyasikia: kwamba binti yangu hakufaulu kuingia chuo cha maabara, alibebwa. Kwamba kaka yangu, dereva wa chuo kile, ndiye aliyemchomeka. Waliosema walikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe niliuona kwa macho yangu. Orodha ya waliochaguliwa ilibandikwa getini. Majina thelathini na tisa yamepigwa chapa, yamenyooka kama mashati yaliyotoka kwenye pasi. La arobaini, la mwanangu, liko chini kabisa, limeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya bluu.

Mimi ni mpiga pasi. Niliishia shule ya msingi, na haya nayaandika kwa ajili ya mama yeyote mwenye mtoto aliyemzidi elimu. Mtanisamehe mkono ukiteleza.

Siku ile ningeweza kuingia ndani nikauliza. Ofisi ilikuwa wazi, karani namwona dirishani anakunywa chai. Sikuuliza. Niliogopa jibu. Nikamshika mwanangu mkono tukaondoka upesi, kama watu waliookota kitu njiani na hawataki mwenyewe ageuke.

Kaka yangu naye hakusaidia. Ni mtu wa kupenda kuonekana. Tukikutana ndugu atajikohoza, aseme, "Wengine hapa wamesoma, lakini waulizeni gari lilisukumwa na nani." Watu wanacheka, mjomba mtu anakunja nne. Binti yangu anatazama vidole vya miguu yake. Na mimi nilimshukuru yule kaka, tena mbele za watu. Kila nikishukuru nilikuwa napigilia msumari mwingine.

Lakini nisimtupie kaka yangu mzigo wote, maana ugonjwa wenyewe ulianzia kwangu, zamani, kwenye meza yangu ya pasi. Mtoto alipofika darasa la tano hesabu zake zilikuwa zimeshanipita. Sikuweza kumsahihisha. Basi nikamwekea utaratibu: andika jibu kwa penseli, mpelekee mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, akikubali ndipo upitishe kalamu juu yake. Madaftari yake yalikuwa masafi, hayana mkato hata mmoja. Nilikuwa nawaonyesha wateja waliokuja kuchukua nguo. Sikujua kwamba nilikuwa namfundisha kuwa jibu lake si jibu mpaka litoke kinywani mwa mtu mwingine.

Alipoanza chuo nilimpa wasia. Nilimwambia pale asijifanye anajua, awaache wenye nafasi zao waseme kwanza, watu wasije wakaanza kuchimba aliingiaje. Akaitikia. Ni mtoto msikivu. Laiti angekuwa mbishi kidogo.

Akamaliza, akaajiriwa kwenye maabara ya hospitali, chumba cha damu. Huko walimpa jina la Penseli, maana fomu zote alijaza kwanza kwa penseli, akingoja mwenzake ajaze ya kwake. Aliyemkuta pale ni mzee mmoja wanayemwita Profesa. Si profesa, ni fundi wa maabara tu, lakini ana miaka ishirini na miwili kwenye kiti kile kile, na madaktari wakimuuliza kitu hawaulizi mara mbili. Alimpenda mwanangu. Alikuwa akimtania: "Penseli, leo umekuja na raba au nikuazime?"

Sasa niwaeleze kazi yao ilivyo, maana bila hivyo hamtaelewa kosa. Damu ya mgonjwa ikija, wanaidondosha kwenye kigae cheupe, wanaichanganya na dawa ya kupimia kundi. Tone likibaki laini, jibu ni moja. Likishikana vipandevipande kama maziwa yaliyokatika, jibu ni jingine. Sheria ya chumba kile ni kwamba wanasoma watu wawili. Kila mmoja anasoma peke yake na anaandika kwa kalamu kwenye mstari wake kabla ya kutazama wa mwenzake. Wakitofautiana, wanaanza upya. Basi. Hiyo ndiyo kinga yote. Na mwanangu kwa miaka miwili alikuwa anaivunja kila siku, kwa adabu kabisa, na hakuna aliyeona ni kosa. Waliona ni unyenyekevu.

Siku yenyewe, ilikuwa saa nne asubuhi. Muuguzi wa wodi ya wazazi alikuja mbio na damu ya mama aliyejifungua alfajiri, anavuja, hali mbaya. Mwanangu akadondosha, akachanganya, akatazama. Matone laini. Hakuna kilichoshikana. Kundi O. Akaandika O kwa penseli, akamngoja Profesa, ambaye alikuwa mlangoni anazungumza na simu.

Zilipita dakika nyingi. Feni ilikuwa inazunguka juu ya meza. Tone la damu chini ya feni linaanza kukauka pembezoni, na likikauka linafanya chembechembe, mtu akilitazama haraka anaweza kudhani limeshikana. Jambo hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa. Profesa akaja, akainama, akasema, "Hii inashikana. A." Akaandika kwa kalamu, akaondoka kujibu simu nyingine.

Mwanangu alitazama kigae. Akatazama O yake. Ananiambia alijua. Nilimuuliza mara nyingi, labda ulikuwa na wasiwasi, labda hukuona vizuri? Anasema hapana mama, nilijua. Lakini kuna sauti ikamuuliza: wewe ni nani? Wewe wa chini ya orodha? Akachukua raba, akafuta, akaandika A kwa kalamu. Kuna kipimo kingine cha kulinganisha damu ya mgonjwa na ya kwenye mfuko, lakini kinataka muda, na wodini walisema muda hakuna.

Mtu wa kundi O akipewa damu ya A, mwili unapigana nayo. Yule mama alikufa siku ya tatu. Alikuwa na umri wa mwanangu. Aliacha mtoto mchanga wa kiume ambaye hakuwahi kumnyonyesha.

Ikaitishwa kamati. Profesa aliieleza kwa moyo mweupe, maana aliamini: wasomaji wawili wote wamepata A, kwa hiyo maabara haina kosa, muuguzi atakuwa amechanganya sampuli wodini. Muuguzi mwenyewe ni msichana mgeni kazini. Akaambiwa akae nyumbani asubiri barua. Kigae kilikuwa kimeshaoshwa. Aliyejua ni mmoja tu.

Alikuja kuniambia nikiwa kazini. Alikaa juu ya kapu la nguo chafu, bado na koti lake jeupe, akanieleza yote kama mtu anayesoma. Kisha akasema kamati inakaa tena Jumatano saa nane, na anafikiria kusema.

Pasi ilikuwa mkononi mwangu. Niliona kila kitu kinaanguka: kazi, heshima, miaka yote ya kusimama. Nikasema, "Mwanangu, nyamaza. Wewe uliingia dirishani. Usiwafungulie mlango wa kukutoa."

Tulikuwa hatujawahi kulitaja jambo hilo. Miaka sita, hata siku moja. Nilidhani namficha.

Akasema, "Kumbe na wewe, mama."

Hakulia. Alivua lile koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza yangu, akatoka. Nilinusa kitu kinaungua. Lilikuwa shati la mteja, pasi imelala juu yake. Ile alama ya pasi naiona mpaka leo.

Jumatano asubuhi nilikwenda chuoni. Nimechelewa miaka sita, lakini nilikwenda. Karani ni yule yule, ameota mvi. Nilimwambia nataka kujua jina la chini ya orodha ya mwaka ule liliingiaje, na kama kuna mtu alilipwa au aliombwa nataka kujua pia. Akanitazama kama anamtazama mgonjwa. Akatoa daftari kubwa kabatini, akapuliza vumbi, akanigeuzia, akaweka kidole. Wa nne. Kati ya arobaini, mwanangu alikuwa wa nne kwa alama.

Akanieleza bila hata aibu, maana kwake lilikuwa jambo dogo. Wakati wa kupiga chapa aliruka mstari mmoja. Alipogundua, wino wa mashine ulikuwa umekwisha na watu wamejaa getini. Akaliongeza kwa mkono chini. "Ningejua linamsumbua mtu ningepiga upya," alisema. "Lakini mama, mbona hukuuliza?"

Nilimpigia kaka yangu simu nikiwa njiani. Akasema, "Ah, dada, ulikuwa utani tu ule. Nani alijua mnauchukulia hivyo?" Nikakata.

Nilimkuta mwanangu hospitalini, kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha kamati. Nilikuwa natweta. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: ulikuwa wa nne, karani aliruka mstari, mjomba wako mwongo, hukubebwa na mtu. Nilitegemea uso wake ufunguke.

Alinipa nafasi nikae. Akasema polepole, "Na ningekuwa wa mwisho je, mama? Ile damu ingekuwa kundi jingine?"

Nikakaa, nikajifuta jasho kwa kanga.

Wakamwita. Kitasa cha mlango ule ni kibovu, haufungi sawasawa, kwa hiyo nilisikia. Daktari mkuu alimuuliza kama ana la kuongeza kwenye maelezo ya Profesa. Sauti ya mwanangu mwanzoni ilikuwa ndogo, akaambiwa arudie. Akarudia.

"Mimi nilisoma O. Nilisoma kabla tone halijakauka. Niliandika kwa penseli, na mzee hapa alipoandika A nikafuta. Muuguzi hakuchanganya kitu."

Profesa akasema taratibu kwamba binti ana majonzi, watu wakiwa na majonzi hukumbuka visivyokuwepo. Hakusema kwa ubaya. Mwanangu akaomba fomu iletwe, ishikwe dirishani kwenye mwanga. Viti vikaburutwa. Halafu mtu akasema, "Ipo hapa." Raba inaondoa rangi, mfereji wa penseli inauacha. Ile O ilikuwepo, duara zima, chini ya A.

Aliyezungumza baadaye alikuwa Profesa, na sauti yake ilikuwa imezeeka. "Binti yangu, uliona sawa. Kwa nini hukunibishia?"

Mwanangu akajibu, "Nilidhani mimi si wa kubisha."

Muuguzi alirudishwa kazini kesho yake. Profesa aliomba kustaafu kabla ya muda wake. Mwanangu alisimamishwa miezi sita, kisha akarudishwa kama mtu anayeanza, kila anachofanya anasimamiwa. Mjumbe mmoja wa kamati alisema angenyamaza asingeguswa. Kweli. Na angekuwa Penseli mpaka kufa.

Sasa anaandika kwa kalamu, moja kwa moja, kabla mtu yeyote hajaja mezani. Mwezi uliopita alitofautiana na mkubwa wake mpya, wakaanza upya kama sheria inavyotaka, na mkubwa ndiye aliyekuwa sahihi. Alinisimulia hilo huku anakula, na alikula akamaliza sahani. Nilifurahi kuliko siku ya mahafali.

Lakini yule mama hatarudi. Mtoto wake anatembea sasa. Bibi yake anamlea. Ni mtu wa rika langu, anakaa upande wa pili wa soko. Wanawe wamesoma pia. Sijawahi kwenda kwake. Siku nitakayokwenda sijui nitasimama vipi mlangoni, na nitasema mimi ni nani.

Wewe unayesoma, ukiwa mama, au shangazi, au unayelea mtoto wa mwenzio, epuka haya:

Usiogope kuuliza ofisini kwa sababu hukusoma. Dirisha likiwa wazi, uliza siku hiyo hiyo.

Usishukuru msaada ambao huna hakika kwamba ulitolewa.

Usiache ndugu amtanie mtoto kwamba kafika kwa mgongo wake. Mkatize hapo hapo, hata kama ni kaka yako mkubwa, hata kama wageni wanacheka.

Usimfundishe mtoto kungoja jibu la mwingine. Acha daftari lichafuke.

Usimsifu kwa unyamavu.

Usimwambie awaache wenye nafasi zao waseme kwanza.

Usikae na maneno ya bombani moyoni ukidhani mtoto hajui unayo.

Na akikujia siku moja amekaa juu ya kapu, anataka kusema kweli itakayomgharimu, weka pasi chini kwanza. Usifungue mdomo mpaka uwe umeiweka chini.